Jinsi Nilivyoomba Mahakama Ifunge Rekodi Zangu za Hospitali

Mtu anayedai fidia ya ajali hapa Kenya huambiwa mapema kwamba atahitaji taarifa ya polisi, fomu ya P3, stakabadhi za matibabu na ripoti ya daktari. Asiloambiwa ni kwamba siku anapowasilisha madai yake, mwili wake unakuwa mada ya kesi, na upande wa pili unapata haki ya kuuliza mwili huo ulikuwaje kabla ya ajali. Mimi nililielewa hilo kesi ikiwa imekwisha kusajiliwa. Nayaandika haya kwa ajili ya wale ambao bado wameketi katika ofisi ya wakili wakipanga karatasi zao, kwa sababu katika suala la siri za matibabu mengi huamuliwa hata kabla hakimu hajalifungua faili.

Nilikuwa abiria katika tuktuk iliyogongwa na pikapu katika mji mmoja wa Pwani. Nilivunjika nyonga na paja la kushoto, nikafanyiwa upasuaji, nikatiwa vyuma, na kwa muda mrefu nikatembelea magongo. Kosa la dereva wa pikapu halikuwa na ubishi mkubwa. Ubishi ulikuwa juu ya kiasi cha fidia, na mlipaji hasa alikuwa kampuni ya bima. Hospitali niliyopelekwa siku hiyo ndiyo niliyokuwa nikihudhuria tangu nilipoolewa, kwa hiyo ndani ya faili moja lenye namba moja mlikuwa na eksirei za nyonga yangu, na mlikuwa pia na habari za mimba zilizoharibika, majibu ya vipimo vya damu vya kliniki ya wajawazito, na maandishi ya mshauri niliyekwenda kuzungumza naye baada ya mimba ya mwisho. Mume wangu aliyajua yote hayo. Mama yangu aliyajua nusu. Wakwe zangu hawakujua hata moja, na mjini kwetu ukoo wa mume una mtu katika kila ofisi, mahakamani pakiwemo.

Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za mwaka 2010 zinamtaka mdai aambatishe kwenye hati yake ya madai orodha ya mashahidi, maelezo yao ya maandishi na nakala za nyaraka atakazozitegemea. Hapo ndipo siri nyingi hutoka, tena kwa mkono wa mwenyewe. Muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini, ambao karibu kila mdai huuambatisha, huwa na sehemu ya historia ya mgonjwa: maradhi ya zamani, uzazi, vipimo, dawa anazotumia. Mawakili wengi huupeleka ulivyo kwa sababu wanatazama mstari wa mifupa iliyovunjika tu. Wangu aliusoma wote mbele yangu, akaamua tutumie ripoti ya daktari wa mifupa na hati ya upasuaji peke yake, na muhtasari tuuache mpaka utakapodaiwa. Ikiwa wakili wako hana muda wa kusoma kila ukurasa nawe, basi usome wewe mwenyewe kwanza, kalamu mkononi, na uulize kila mstari unathibitisha nini katika madai yako.

Kabla ya kusikilizwa, kampuni ya bima ina nafasi ya kumpeleka mdai kwa daktari wake ili apimwe mara ya pili. Nilipofika huko nilipewa fomu ya idhini yenye sentensi moja ndefu iliyoruhusu kutolewa kwa rekodi zangu zote za matibabu, kutoka hospitali yoyote, za wakati wowote. Nilikuwa nimekwisha kuonywa. Nilikata sentensi hiyo kwa mstari, nikaandika juu yake kwamba ninaruhusu rekodi za nyonga na paja la kushoto kuanzia tarehe ya ajali, nikatia sahihi kando ya masahihisho, kisha nikaipiga picha kwa simu kabla ya kuirudisha.

“Mama, fomu hii watu hawaiandikii juu,” akasema kijana wa mapokezi.

“Leo imeandikiwa,” nikamjibu, na daktari akanipima vilevile.

Hatua hiyo ilinilinda kwa upande mmoja na kufungua njia nyingine, kwa maana wakili wa bima, alipokosa idhini, aliiomba mahakama itoe hati ya wito kwa afisa wa rekodi wa hospitali ili aje na faili la mgonjwa. Wito wa namna hiyo ni wa kawaida na hutolewa bila mjadala mrefu. Tatizo lilikuwa kwamba haukutaja tarehe wala sehemu ya mwili, na hospitali nayo haikuuliza. Badala ya kumngoja afisa wake aitwe kizimbani, ilitoa nakala ya faili zima, na wakili wa bima akaiwasilisha kama orodha yake ya ziada ya nyaraka. Niliipokea kwa simu kutoka kwa wakili wangu jioni moja, na nilipofika kwenye ukurasa wenye mwandiko wa yule mshauri, ambapo maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamenukuliwa, niliacha kusoma. Kwa siku kadhaa sikutaka kusikia neno kesi. Niliona aibu, kisha niliona hasira kwa kuona aibu.

Katika wiki hiyohiyo ilikuja ofa ya kumaliza kesi nje ya mahakama, kiasi kidogo kuliko tulichokuwa tukitarajia. Sina ushahidi kwamba vitu hivyo viwili vilipangwa pamoja na sitadai hivyo. Nasema tu kwamba nilikaribia kuikubali, na kilichonizuia ni swali la wakili wangu: ukishalipwa, zile karatasi zitakwenda wapi? Kwa kweli zingebaki palepale. Makubaliano ya fedha hayaondoi kitu katika faili la mahakama isipokuwa yaseme hivyo, kwa hiyo hata anayeamua kupatana adai kifungu kinachotaka nyaraka za matibabu ziondolewe au zifungwe, na nakala zote zirudishwe.

Sheria inasimama wapi? Niliyoyajifunza nitayaeleza kama mtu aliyekaa upande wa mdai, si kama mwanasheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha, ikiwemo haki ya mtu kutotakiwa kutoa au kufichuliwa habari za familia yake au mambo yake ya binafsi pasipo lazima. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema kwamba habari za afya ya mgonjwa na matibabu yake ni siri, ila inaruhusu zitolewe kwa idhini yake au kwa amri ya mahakama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti. Lakini Kifungu cha 50 cha Katiba hiyohiyo kinataka kesi zisikilizwe hadharani, na kinaruhusu wanahabari na watu wengine waondolewe pale tu inapobidi, kwa mfano kuwalinda mashahidi au watu walio katika hali dhaifu. Isitoshe, Sheria ya Ushahidi inayalinda mazungumzo ya mteja na wakili wake, ila haiwapi daktari na mgonjwa kinga ya namna hiyo mbele ya mahakama. Wengi hudhani daktari anaweza kukataa kusema akiwa kizimbani. Hawezi, ikiwa mahakama imemwamuru.

Hali ni tofauti kidogo kwa yule ambaye kiini cha malalamiko yake ni hali ya virusi vya ukimwi. Kenya ina baraza maalumu la kuamua mashauri ya namna hiyo, lililoundwa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2006, na kuwataja wahusika kwa herufi za majina ni jambo lililozoeleka huko. Kesi ya ajali haina mazoea hayo. Katika kesi ya ajali ni wewe unayepaswa kuomba, na kuomba huko kuna namna yake.

Kwanza tulilazimika kuyapunguza madai yetu. Hati yetu ya madai ilikuwa imetaja, pamoja na mifupa, msongo wa mawazo uliotokana na ajali. Wakili wa bima alikuwa na hoja nzuri hapo: anayedai kwamba ajali ilimvuruga akili amefungua mwenyewe mlango wa kuulizwa kama akili ilikuwa imevurugika kabla. Wakili wangu hakunificha. Ama tuendelee na dai hilo, na maandishi ya mshauri yabaki kwenye meza ya mahakama kwa haki, ama tuliondoe na hoja ya umuhimu wa maandishi hayo ianguke nalo. Niliondoa. Nilijua kwamba ninaacha fedha ambazo huenda ningezipata, na ninajua wengine wangeamua vingine bila kukosea. Ila uamuzi huo ni bora ufanyike kabla ya hati ya madai kuandikwa, maana kuirekebisha baadaye kunahitaji muda na ada, na upande wa pili hautakosa kuuliza kwa nini umebadilisha.

Ombi lenyewe lilipelekwa chini ya hati ya dharura, likitegemea Kifungu cha 31 cha Katiba na Kifungu cha 3A cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, kile kinachotambua uwezo wa asili wa mahakama wa kutoa amri zinazohitajika kwa ajili ya haki. Tuliomba mambo kadhaa ambayo watu huyachanganya, na kila moja lina uzito wake. Kuondoa ukurasa kwenye kumbukumbu ni kusema kwamba haukupaswa kuwepo kabisa. Kuufunga kwa lakiri ni kukubali kwamba mahakama inauhitaji, lakini macho mengine hayauhitaji. Kusikiliza ushahidi faraghani kunahusu masikio ya siku hiyo tu na hakulindi karatasi. Kutumia herufi badala ya jina katika uamuzi na hukumu kunahusu kile kitakachosomwa miaka ijayo, maana hukumu za mahakama zetu huchapishwa na Kenya Law na yeyote anaweza kuzitafuta kwa jina. Mwisho tuliomba upande wa pili uamriwe kurudisha au kuharibu nakala zilizokwisha kusambazwa, ikiwa ni pamoja na zile zilizotumwa kwa mpelelezi wa bima na kwa daktari wao. Ukiomba moja na kusahau nyingine, siri itatokea pale uliposahau.

Wakati ombi likiandaliwa nusura tufanye kichekesho. Kijana aliyekuwa akifanya mafunzo ya uwakili ofisini alitayarisha hati yangu ya kiapo kwa bidii na kuambatisha, kama kielelezo cha kwanza, zile kurasa zenyewe tulizotaka zifichwe. Ilikuwa imekwisha kupigwa muhuri wa kamishna wa viapo na ilikuwa ikingoja kupakiwa kwenye mfumo wa mahakama wa kuwasilisha nyaraka kwa mtandao, mfumo ulioanzia Nairobi mwezi Julai 2020. Wakili aliigundua akiwa amesimama nyuma ya kiti cha kijana huyo, mkono ukiwa kwenye kipanya. Hati iliandikwa upya: kurasa zikatajwa kwa namba na kwa aina tu, kama vile “maandishi ya kliniki ya uzazi” au “kumbukumbu za ushauri”, na kurasa zenyewe zikawekwa katika bahasha ya kukabidhiwa hakimu mkononi. Kila anayefuata njia hii aidai hati ya kiapo aisome kabla ya kutia sahihi, na aangalie viambatisho vyake kimojakimoja.

Siku hiyohiyo hakimu alitoa amri ya muda kwamba orodha ya ziada ya nyaraka isikaguliwe na mtu asiye wakili wa kesi hiyo mpaka ombi lisikilizwe. Hiyo amri ya muda ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa kuliko zote zilizofuata. Faili la kesi ya kawaida huweza kukaguliwa masijalani kwa kulipa ada ndogo, na karatasi iliyokwisha kusomwa haifungiki kichwani mwa aliyeisoma. Kwa hiyo usingoje tarehe ya karibu ya kesi kutajwa ili wakili “aliseme tu jambo hilo”. Likisemwa tu bila ombi la maandishi, halina amri, na lisilo na amri karani hana sababu ya kulitekeleza.

Ombi lilisikilizwa kwa njia ya video, kama yanavyosikilizwa mengi siku hizi, na hilo nalo lina hatari yake. Kwenye skrini palikuwa na msururu wa mawakili na wateja wa kesi nyingine waliokuwa wakingoja zamu zao, wengine wakiwa na majina ya simu tu. Wakili wa bima alianza kujibu kwa kusoma kwa sauti kilichoandikwa katika ukurasa mmoja wa kliniki ya uzazi. Wangu alimkatiza kabla hajamaliza mstari.

“Mheshimiwa, namwomba mwenzangu ataje namba ya ukurasa na aishie hapo.”

“Wakili, tunazo kurasa mbele yetu,” hakimu akasema. “Namba inatosha.”

Baada ya hapo mabishano yote yaliendeshwa kwa namba, na kwa mtu asiyejua kesi ingekuwa kama kusikiliza watu wakigombania kurasa za daftari la duka. Nasikitika kwamba hatukuwa tumekubaliana na upande wa pili kuhusu jambo hilo mapema kwa barua, maana mstari ule ulioanza kusomwa ulisikika na watu wasiouhusu.

Hoja za bima hazikuwa za kijinga, na anayejiandaa kwa ombi kama hili ajiandae kuzijibu kwa heshima. Walisema kwamba mahakama ni ya wazi. Kwamba mimi ndiye niliyeleta afya yangu mbele ya mahakama. Kwamba maumivu ya nyonga ninayodai yalisababishwa na ajali yangeweza kuwa na chanzo cha zamani, na wao wana haki ya kukitafuta. Sisi hatukusema kwamba hawana haki hiyo. Tulisema kwamba haki hiyo inaishia kwenye nyonga na paja, na kwamba wito wa kumtaka afisa alete faili si amri ya kufichua kila kilichomo. Wakili wangu alitegemea uamuzi wa Mahakama Kuu wa Desemba 2016, uliotolewa na Jaji Isaac Lenaola, kuhusu agizo la serikali la kukusanya majina ya watoto wa shule wanaoishi na VVU. Mahakama iliona kwamba faragha ilikiukwa na kuamuru kwamba taarifa zilizokwisha kukusanywa zigeuzwe kuwa za alama, ili jina la mtoto lisiweze kuunganishwa na hali yake katika hati ya umma. Funzo alilolitoa hapo ni kwamba mahakama inaweza kuiacha taarifa itumike na bado ikamficha mwenyewe.

Alitaja pia kesi ya mwanamke aliyepewa jina la Z dhidi ya Ufini, iliyoamuliwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwezi Februari 1997. Haitufungi sisi, lakini inasomeka kama ramani. Madaktari wa Z walilazimishwa kutoa ushahidi katika kesi ya jinai ya mumewe, na rekodi zake zikachukuliwa. Mahakama hiyo ilisema hayo yalihalalika kwa sababu ya uzito wa kesi. Iliyoyakataa ni mambo mawili: rekodi kufungwa kwa miaka 10 tu na kisha kuachwa wazi, na hukumu ya rufaa kumtaja Z kwa jina pamoja na hali yake ya VVU. Niliposimuliwa kesi hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini wakili alisisitiza kwamba ombi letu litaje muda wa kufungwa na litaje hukumu. Wengi wetu tunapigania mlango wa mbele, yaani ushahidi, na kuacha wa nyuma.

Hakimu alizisoma kurasa zenyewe ofisini kwake kabla ya kuamua, na hatukupata kila tulichoomba. Kumbukumbu za ushauri ziliondolewa kwenye faili, kwa kuwa dai la msongo wa mawazo halikuwepo tena. Vipimo vya damu visivyohusiana na upasuaji viliondolewa pia. Kurasa chache za uzazi zilibaki, kwa sababu daktari wa bima alisema kwamba zina uhusiano na maumivu ya kiuno, lakini zikaamriwa zifungwe, na sehemu ya ushahidi wa daktari inayozihusu isikilizwe faraghani. Rekodi za mifupa zilibaki wazi kabisa. Niliruhusiwa kutajwa kwa herufi katika uamuzi na katika hukumu. Nakala zirudishwe, na wakili wa bima aandike ahadi kwamba hakuna iliyobaki kwa mtu mwingine. Gharama za ombi zifuate matokeo ya kesi. Nilikuwa nimetarajia zaidi, na nilitoka nikiwa na uchungu kuhusu zile kurasa za uzazi. Sasa naona kwamba upungufu huo ndio uliofanya amri ile iwe ngumu kuvunjwa: ilikuwa nyembamba, kila ukurasa ukiwa na sababu yake, na bima haikupata pa kushika kusema kwamba imenyimwa utetezi.

Amri ya mahakama haitembei yenyewe. Tulikwenda masijalani pamoja na karani wa wakili wangu, tukiwa na nakala ya amri iliyothibitishwa, na tukaomba itekelezwe mbele yetu. Afisa wa masijala, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alizihesabu kurasa mara mbili, akazitia katika bahasha ya kaki, akaibana kwa pini, akapitisha utepe juu ya mdomo wake, akagonga muhuri wa mahakama nusu kwenye utepe na nusu kwenye karatasi, kisha akaandika juu yake namba ya kesi, tarehe ya amri na maneno kwamba isifunguliwe ila kwa amri ya mahakama. “Sasa tuangalie na kwenye kompyuta, mama,” akasema, na ni vizuri alisema, kwa sababu orodha ya nyaraka katika mfumo ilikuwa bado inaonyesha zile zilizoondolewa. Waliofunga karatasi na kusahau nakala ya kielektroniki wamefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Jina langu kamili liliendelea kutokea katika orodha ya kesi za siku kwa muda. Amri ilikuwa imetaja uamuzi na hukumu, haikutaja orodha. Tulirudi kuomba maelezo ya ziada, yakatolewa bila ubishi, lakini ingekuwa rahisi kuliandika mwanzoni. Anayeandika ombi aorodheshe kila mahali jina linapochapishwa: jalada la faili, orodha ya siku, mwenendo wa kesi uliopigwa chapa, uamuzi, hukumu, hati za utekelezaji.

Kuhusu gharama, ombi lilinigharimu ada ya wakili ya zaidi ya shilingi elfu arobaini, mbali na ada za mahakama na za viapo, na liliirudisha kesi nyuma kwa miezi. Wakati huo nilikuwa silipwi mshahara kamili. Mume wangu aliwahi kuniuliza, kwa upole, kama siri hiyo ina thamani ya fedha hizo, na tulikaa kimya siku nzima. Sikumlaumu. Jibu nililompa baadaye ni kwamba fidia ni ya nyonga, na mengine hayakuwa yanauzwa. Anayefikiria njia hii aweke fedha za ombi kando tangu mwanzo, na amuulize wakili kama ada ya kesi nzima inalihusu au ni ya ziada. Wangu alikuwa ameniambia, ndiyo maana sikugombana naye.

Dhidi ya hospitali nilianza na barua, nikiuliza ni nani aliyeidhinisha faili zima litoke na kwa msingi gani. Majibu yalikuwa mafupi na ya jumla, kwa hiyo nikapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inamtaka ayachunguze na kuyahitimisha ndani ya siku 90. Njia hiyo haihitaji wakili, ila inahitaji ushahidi uliopangwa: nakala ya wito, barua ya hospitali iliyoambatana na faili, na amri ya mahakama iliyosema kurasa zipi hazikuhusika. Hairudishi karatasi iliyokwisha kutoka. Inachoweza kufanya ni kuifanya hospitali isome wito kabla ya kuwasha mashine ya nakala. Ndugu zangu wa Tanzania wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na maamuzi ya mahakama zao nayo huchapishwa mtandaoni katika TanzLII, kwa hiyo suala la jina kwenye hukumu linawahusu vilevile.

Hukumu ilitoka ikiwa na herufi zangu tu. Bima ikakata rufaa Mahakama Kuu kuhusu kiasi cha fidia, jambo ambalo ni haki yao, na hapo ndipo tulipokumbana na kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa mtu yeyote. Anayekata rufaa huandaa kumbukumbu ya rufaa, kitabu kinachokusanya hati za madai, ushahidi, vielelezo na mwenendo wote wa kesi ya chini, na kitabu hicho hupewa namba mpya, faili jipya na masijala mapya. Rasimu tuliyoonyeshwa ilikuwa na jina langu kamili kwenye jalada, na katika yaliyomo zilitajwa zile kurasa za uzazi, tayari kunakiliwa kutoka kwenye bahasha. Hakuna aliyekusudia ubaya. Aliyeiandaa alifuata orodha ya vielelezo kama ilivyokuwa. Wakili wangu aliandika barua siku hiyohiyo akiambatisha amri ya hakimu, kisha akawasilisha ombi fupi Mahakama Kuu ili amri hiyo iendelee katika rufaa, kurasa hizo zipelekwe kwa jaji katika bahasha yao bila kuingizwa kitabuni, na jalada litumie herufi. Safari hii wakili wa bima hakupinga. Amri ilitolewa kwa makubaliano, kitabu kikachapishwa upya, na rufaa ya kiasi cha fidia ingali inangoja kusikilizwa.